Mshale wa Mti: Somo la Fizikia kutoka Mkalama

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya sekondari akiombwa kutaja vyombo vya sayansi, hutaja hadubini, mizani na kipimajoto. Ni nadra kutaja mshale. Hata hivyo, mshale wa mti uliotengenezwa vizuri umekusanya ndani yake sehemu kubwa ya mambo yanayofundishwa katika fizikia ya kidato cha kwanza hadi cha nne: kani, kitovu cha uzito, nishati, mkinzo wa hewa na unyumbufu wa vitu. Tena mshale huo hausamehe makosa. Ukiwa na kasoro katika jambo moja tu, hukosa shabaha, na aliyeutengeneza hulazimika kurudi kutafuta alipokosea.

Makala haya yanaeleza jinsi mshale wa mti unavyotengenezwa kwa mikono, nyumbani au shuleni, kwa vifaa vinavyopatikana katika kijiji chochote. Mfano mkuu umechukuliwa katika Mkoa wa Singida, ambako ufundi huu bado ni kazi ya kila siku ya baadhi ya watu. Nia yake ni kuonyesha kwamba fundi wa mishale asiye na rula wala mizani hujibu maswali manne ya kisayansi: Je, ufito umenyooka? Je, una ugumu unaolingana na upinde? Je, uzito umekaa mbele? Je, mkia unashikwa na hewa? Majibu ya maswali hayo yanaweza kupimwa darasani kwa rula, uzi na mfuko wa mchanga.

Wahadzabe na mishale yao

Upande wa kaskazini wa Mkoa wa Singida, katika Wilaya ya Mkalama, nchi huteremka kuelekea bonde la Ziwa Eyasi. Huko, katika kijiji cha Munguli na maeneo ya jirani, wanaishi baadhi ya Wahadzabe. Wengine wako katika mikoa ya Manyara, Arusha na Simiyu, kulizunguka ziwa hilo. Jumla yao yote hukadiriwa kuwa elfu moja na mia chache. Lugha yao, yenye sauti za kidoko, haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Kwa muda mrefu wameishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchimba mizizi na kuchuma matunda, huku wakibadilishana vitu na majirani zao, wakiwemo Waisanzu, Wanyiramba na Wadatoga.

Mwaka 1970 British Museum ya London ilichapisha kitabu cha mwanaanthropolojia James Woodburn kinachoeleza vifaa vya Wahadzabe. Katika maelezo ya wataalamu kama yeye, mishale yao inaweza kugawanywa katika aina kuu tatu. Ya kwanza ni mshale wa mti mtupu, ambao ncha yake ni mti uleule uliochongwa. Huu ni wa ndege na wanyama wadogo. Ya pili ni mshale wenye kigumba kipana cha chuma. Ya tatu ni mshale wenye kigumba chembamba cha chuma kilichopakwa sumu, kwa ajili ya wanyama wakubwa. Chuma chenyewe hupatikana kwa kubadilishana. Mara nyingi ni msumari mkubwa unaofuliwa baridi, bila tanuri, mpaka uwe bapa.

Mishale huhama kutoka mkono hadi mkono. Wanaume wa Kihadzabe wana mchezo uitwao lukuchuko, ambao huchezwa kwa kurusha vipande vya magome ya mti, na mishale yenye vigumba vya chuma ni miongoni mwa vitu vinavyoshindaniwa. Maana yake ni kwamba mtu huweza kujikuta akitumia mshale uliotengenezwa na mwenzake. Katika hali kama hiyo ni lazima pawe na kipimo kinachofahamika na wote, ijapokuwa hakikuandikwa popote.

Ufundi wa silaha za kurushwa katika eneo hili una historia ndefu. Katika pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, ambalo lilianza kuchimbwa na wanaakiolojia katika miaka ya 1930, vilipatikana vipande vya mawe vilivyochongwa kwa umbo la mwezi mchanga, na baadhi ya wataalamu wanaona kwamba huenda vilifungwa kwenye silaha. Katika pango la Sibudu, Afrika Kusini, vipande vya mawe vyenye umri wa zaidi ya miaka 60,000 vimetolewa kuwa dalili ya kuwapo kwa upinde na mshale. Mti huoza, lakini jiwe hubaki. Kwa hiyo sehemu kubwa ya historia ya mshale imepotea, na kilichobaki ni ncha zake tu.

Sehemu za mshale

Kabla ya kuanza kazi, yafaa majina yafahamike. Ufito wa mshale huitwa wano. Ncha ya chuma huitwa kigumba au chembe. Kamba ya upinde huitwa upote. Nyuma ya wano pana mkato unaopokea upote, na mbele kidogo ya mkato huo hufungwa manyoya. Mishale huhifadhiwa ndani ya podo. Mshale unaoelezwa hapa ni wa kulenga shabaha tu: hauna kigumba, bali una kichwa butu cha mti.

Kuchagua na kukausha ufito

Wano zuri huanza msituni. Hutafutwa chipukizi lililonyooka, lisilo na matawi ya pembeni, lenye unene wa kidole kidogo cha mkono na urefu wa karibu mita moja. Mikole, yaani miti ya jamii ya Grewia, hutumika sana Afrika Mashariki kwa fimbo, pinde na mishale, kwa kuwa machipukizi yake ni marefu, magumu, na nyuzi zake hazikatiki upesi. Chipukizi lina faida moja juu ya ubao uliopasuliwa: nyuzi zake zimefuata urefu wake wote bila kukatwa na msumeno. Pale nyuzi zinapokatwa ndipo ufa unapoanzia.

Fito hukatwa wakati wa kiangazi, mti unapokuwa na maji kidogo. Zikatwe zaidi ya zinazohitajika, kwa mfano 10 ili kupata 5, kwa kuwa nyingine zitapasuka au kupinda. Hubanduliwa maganda, zikafungwa pamoja kwa kubana sana katika mzigo mmoja, na mzigo huo ukawekwa kivulini mahali penye hewa. Katika mzigo kila ufito humzuia mwenzake kupinda. Jua kali halifai. Tabaka la nje likikauka na kusinyaa kabla ya la ndani, mti hujivuta na kupasuka.

Mwanafunzi anaweza kufuata kazi hii kwa mizani. Ufito mmoja upimwe kila wiki na uzito wake uandikwe. Tuseme ulikuwa gramu 70 siku ya kukatwa, na baada ya wiki kadhaa umefika gramu 42 na haupungui tena. Gramu 28 za maji zimeondoka, ambazo ni theluthi mbili ya uzito wa mti uliobaki. Uzito unapoacha kupungua, kukausha kumekwisha, ingawa mti uliokauka hewani haukosi kabisa unyevu. Fundi asiye na mizani huugonga ufito kwa ukucha na kusikiliza: mti mbichi hutoa sauti nzito, mkavu hutoa sauti kali.

Kunyoosha kwa moto

Hakuna chipukizi lililonyooka kabisa. Hapa ndipo moto unapoingia. Sehemu iliyopinda hupashwa juu ya makaa yasiyo na ndimi za moto, huku ikizungushwa bila kukoma na kupakwa mafuta kidogo ili isiungue. Ikishakuwa ya moto kiasi cha kutoshikika kwa urahisi, hupindwa upande wa pili, kupita kidogo mstari wa unyofu, na kushikiliwa hapo mpaka ipoe. Wahadzabe hutumia meno yao kama jiriwa: ufito hubanwa kwa meno upande mmoja na kupindwa kwa mikono, jicho likitazama urefu wake. Shuleni jiwe lenye mfereji au pengo la tawi la mti litatosha.

Sababu ya kisayansi ni hii. Mti umejengwa kwa nyuzi za selulosi zilizogandishwa pamoja na kitu kiitwacho lignini. Lignini yenye unyevunyevu huanza kulegea katika joto lililo karibu na la maji yanayochemka. Ikiwa imelegea, nyuzi zinaweza kuteleza kidogo na kupata mkao mpya. Ikipoa, huganda tena na kuzishika katika mkao huo. Ndiyo maana ufito ukiachiwa ungali wa moto hurudi katika kombo lake. Kazi hii hurudiwa mara kadhaa kwa siku kadhaa, kwa kuwa mti hukumbuka umbo lake la zamani.

Unyofu hupimwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutazama kwa jicho moja kutoka ncha moja hadi nyingine. Ya pili ni kuviringisha ufito juu ya meza bapa: mahali palipo na kombo huinuka na kushuka, na mwanga huonekana chini yake.

Kuchonga, mkato, kichwa na manyoya

Wano hukatwa urefu wa sentimeta 80 na kuchongwa kwa kisu kikali kinachokwaruzwa pole pole, kisha kwa jiwe la mchanga au msasa, mpaka kipenyo chake kiwe karibu milimeta 8. Upande uliokuwa wa shinani, ambao ni mnene kidogo, uwekwe mbele. Sababu yake itaelezwa baadaye.

Mkato wa upote huchongwa upande mwembamba, kina chake kikiwa karibu milimeta 6, na upana wake uwe wa kupokea upote bila kubana wala kulegea. Mara baada ya kuchongwa, wano lifungwe kwa uzi uliokazwa hapo chini ya mkato. Bila kifungo hicho, upote unaweza kulipasua wano kama shoka linavyopasua gogo.

Kichwa butu hutengenezwa kwa kipande cha mti mzito chenye kipenyo cha sentimeta 2 na urefu wa sentimeta 3, kilichotobolewa tundu la kuingiza wano na kushikizwa kwa gundi na uzi. Kipande cha gunzi la hindi chaweza kuwekwa badala yake kwa ajili ya kulinganisha, nacho ni chepesi sana.

Manyoya yaliyoanguka ya kanga au ya kuku yanatosha. Manyoya ya tumbusi yaliwahi kupendwa katika sehemu nyingi, lakini ndege hao wamepungua sana Afrika na hawafai kuguswa. Kila unyoya hupasuliwa katikati ya ubua wake, na nusu zake hukatwa urefu wa sentimeta 10 hadi 12. Huhitajika vipande vitatu kwa mshale mmoja, vyote vya upande mmoja wa bawa, kwa kuwa manyoya ya bawa la kulia na la kushoto yana mkunjo unaopingana. Vipande hupangwa kuzunguka wano kwa nafasi sawa na kufungwa kwa uzi mbele na nyuma. Wawindaji hutumia ukano wa mnyama uliotafunwa ukalainika. Ukano huo hujigandisha wenyewe, na unapokauka husinyaa na kubana zaidi kuliko fundo lolote. Uzi wa pamba uliopakwa gundi hautafikia uimara huo, lakini utafaa.

Jaribio la kwanza: kitovu cha uzito

Mshale uliokamilika ulazwe juu ya kidole kimoja na kusogezwa mpaka utulie bila kuegemea upande wowote. Mahali hapo ndipo penye kitovu cha uzito. Pimwe umbali wake kutoka kwenye mkato. Tuseme ni sentimeta 47. Katikati ya mshale wa sentimeta 80 ni sentimeta 40. Kwa hiyo kitovu kimesogea mbele kwa sentimeta 7, ambazo ni karibu asilimia 9 ya urefu wote. Kiasi hicho ni kizuri.

Faida yake ni hii: manyoya yako nyuma sana ya kitovu cha uzito. Mshale ukiyumba na mkia wake ukaenda kando, hewa hupiga manyoya na kuurudisha mkia nyuma ya kichwa, kama vile kionyesha upepo kinavyogeuzwa na upepo. Kadiri umbali kati ya kitovu na manyoya unavyokuwa mrefu, ndivyo mkono wa wenzo unavyokuwa mrefu, na manyoya madogo yakatosha. Ndiyo sababu shina huwekwa mbele na kichwa huwa kizito.

Jaribio hili lirudiwe kwa kichwa cha gunzi, kisha kwa mshale usio na manyoya. Mishale yote mitatu irushwe kwa mkono, bila upinde, kuelekea kwenye mchanga ulio mita 4 mbele. Wanafunzi waandike ni upi unaotangulia kwa kichwa na ni upi unaoanguka kwa ubavu.

Jaribio la pili: ugumu wa wano

Watu wengi hudhani mshale huondoka kwenye upinde ukiwa umenyooka kama mstari. Sivyo. Upote unapousukuma mshale kutoka nyuma kwa ghafla, na kichwa kizito kikakawia mbele kwa inesha yake, wano hupinda katikati. Hujipinda upande mmoja, kisha upande wa pili, na kwa kufanya hivyo huuzunguka mti wa upinde bila kuugonga. Katika miaka ya 1930 mwanafizikia Mmarekani Clarence Hickman alipiga picha za kasi kubwa zilizouonyesha mwendo huo waziwazi. Ikiwa wano ni gumu mno, halipindi vya kutosha, hugonga upinde na kwenda kando. Ikiwa ni laini mno, hupinda kupita kiasi, huyumba hewani, na laweza hata kuvunjika mbele ya mkono wa mpigaji. Kwa hiyo kila upinde una wano lake.

Ugumu hupimwa hivi. Wano bila kichwa lilazwe juu ya misumari miwili iliyo sawa kwa kimo, umbali wa sentimeta 66. Katikati itundikwe mfuko wa mchanga wa gramu 900. Pimwe kwa rula ni milimeta ngapi wano limeshuka. Kwa upinde wa mwanafunzi unaohitaji kani ya nyutoni 120 kuuvuta mpaka mwisho, wano linaloshuka karibu milimeta 24 hufaa. Mishale ya seti moja isitofautiane kwa zaidi ya milimeta 2.

Fundi akitaka kuulegeza ufito, huupunguza unene. Lakini awe mwangalifu, kwa kuwa ugumu wa ufito wa duara hubadilika kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, ilhali uzito hubadilika kwa kipeo cha pili tu. Jedwali hili linalinganisha fito za mti mmoja, ule wa milimeta 8 ukiwa kipimo cha 1.

Kipenyo mm 8: ugumu 1.00, uzito 1.00
Kipenyo mm 9: ugumu 1.60, uzito 1.27
Kipenyo mm 10: ugumu 2.44, uzito 1.56
Kipenyo mm 11: ugumu 3.57, uzito 1.89

Milimeta moja ya nyongeza, ambayo jicho lisilozoea haliioni, huongeza ugumu kwa asilimia 60. Mzee anayekunja ufito kwa vidole na kusema "bado" au "tayari" anapima kwa mikono yake kipeo hicho cha nne. Huu ni ujuzi mzito, nao hupatikana kwa miaka ya mazoezi.

Hesabu ya nishati

Upinde ni ghala la nishati. Misuli hufanya kazi pole pole wakati wa kuvuta, na upinde hurudisha kazi hiyo kwa ghafla. Tuseme kani hupanda kutoka nyutoni 0 hadi nyutoni 120 katika mvuto wa mita 0.5. Kani ya wastani ni nyutoni 60, na kazi iliyofanyika ni 60 × 0.5 = jouli 30. Si yote inayofika kwenye mshale. Sehemu nyingine hubaki katika mwendo wa mikono ya upinde na upote, na nyingine hugeuka kuwa sauti na joto. Tukichukulia kwamba asilimia 60 inafika, mshale hupata jouli 18.

Mshale wenye kichwa cha mti una tungamo la karibu gramu 40, yaani kilo 0.04. Kwa kuwa nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara kasi kipeo cha pili, kasi yake itakuwa mita 30 kwa sekunde, sawa na kilometa 108 kwa saa. Hiyo ni kasi ya gari katika barabara kuu. Hata hivyo, ili kufika kwenye shabaha iliyo umbali wa mita 20 mshale utachukua sekunde 0.67, na katika muda huo mvuto wa dunia utaushusha kwa karibu mita 2.2. Mpigaji asipolenga juu, mshale utachimba ardhi kabla ya kufika.

Pinde za Wahadzabe ni ngumu kuliko upinde wa mfano huu kwa mara mbili na zaidi. Kwa sababu hiyo mshale mwembamba ulioelezwa hapa usiwekwe kamwe kwenye upinde wa mwindaji mzima. Utavunjika.

Kuhusu sumu

Wanafunzi watauliza juu ya sumu. Jibu la makala haya ni kwamba sumu ya mishale haina nafasi katika somo la vitendo. Wahadzabe huipata katika mimea, ikiwemo ya jamii za Adenium na Strophanthus. Kemikali zake hushambulia moyo, na kiasi kidogo kikiingia kwenye jeraha chaweza kumuua mtu. Mimea hiyo isikatwe, isichemshwe wala isionjwe.

Historia yake, hata hivyo, yafaa ijulikane. Katika safari ya David Livingstone ya Mto Zambezi iliyoanza mwaka 1858, daktari na mtaalamu wa mimea John Kirk, ambaye baadaye alikuwa mwakilishi wa Uingereza huko Zanzibar, alitambua kwamba mapigo ya moyo wake yalibadilika baada ya mswaki wake kuchafuliwa na sumu ya mishale ya Strophanthus. Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza mimea hiyo na kuipatia nafasi katika tiba ya moyo. Baadaye sumu ya kundi hilohilo, uabaini, ilisaidia kueleza jinsi chembehai zinavyosukuma nje sodiamu na kuingiza potasiamu, utafiti ambao ulimpatia Jens Christian Skou wa Denmark sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997. Elimu ya wawindaji wa Afrika ilikuwa mwanzo wa njia hiyo, ingawa majina yao hayakuandikwa.

Tahadhari na sheria

1. Mshale butu nao huumiza. Jouli 18 zaweza kupofua jicho. Shabaha iwe rundo la majani makavu mbele ya kingo ya udongo, na mtu yeyote asipite mbele ya mstari wa kupigia.
2. Kabla ya kila mpigo wano likunjwe kidogo karibu na sikio. Likitoa mlio wa ufa, livunjwe na kutupwa.
3. Upote usiachiwe bila mshale, kwa kuwa nishati yote hurudi kwenye upinde na huweza kuupasua.
4. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kuwinda bila kibali. Mshale wa shule haupigwi kwa mnyama wala ndege.
5. Fito zikatwe katika shamba la mwenyewe au kwa ruhusa ya kijiji, na mti mmoja usimalizwe machipukizi yake yote.

Wajibu wa mwalimu

Vichaka vya bonde la Eyasi vimepungua kwa kufyekwa mashamba na kwa kuongezeka kwa mifugo. Watoto wa Kihadzabe wanaokwenda shule za bweni hukaa mbali na wazee wao katika miaka ileile ambayo zamani ilikuwa ya kujifunza kuchagua ufito. Shule wanaihitaji, na ni haki yao. Hasara huja pale mtoto anapofundishwa, kwa maneno au kwa dharau, kwamba alichokiacha nyumbani si elimu. Jina la mti, msimu wa kuukata na namna nyuzi zake zinavyokubali moto ni maarifa yaliyohifadhiwa ndani ya lugha inayosemwa na watu wachache sana. Yakikatika hayatapatikana katika maktaba yoyote.

Mwalimu aliye Mkalama, au popote penye mafundi wa aina hii, anaweza kumwalika mzee mmoja darasani kwa ridhaa yake na kwa kumlipa siku yake ya kazi, kama anavyolipwa mtaalamu yeyote. Mzee achague fito 5 kwa mikono na kuzipanga kuanzia gumu hadi laini. Kisha wanafunzi wazipime kwa misumari miwili na mfuko wa mchanga, na mpangilio wao ulinganishwe na wake. Pale vinapotofautiana, pande zote mbili zirudie kupima. Somo hilo halihitaji maabara, na mwanafunzi atatoka akijua kwamba kupima kulikuwapo kabla ya rula.

Maswali ya kujipima

1. Ufito mbichi una gramu 63. Ulipokauka ulikuwa gramu 42. Maji yaliyoondoka ni asilimia ngapi ya uzito wa ufito mkavu?
2. Wano la kipenyo cha mm 9 lilishuka mm 15 katika jaribio la ugumu. Likichongwa mpaka mm 8, litashuka kiasi gani?
3. Mshale wa sentimeta 80 unatulia kidoleni sentimeta 42 kutoka kwenye mkato. Eleza kasoro yake na njia mbili za kuirekebisha.
4. Mshale wa gramu 40 umebadilishwa kwa wa gramu 90, nao pia umepata jouli 18. Kasi yake ni ngapi?
5. Eleza kwa nini manyoya ya bawa la kulia na la kushoto yasichanganywe katika mshale mmoja.

Majibu: (1) Asilimia 50. (2) Karibu mm 24. (3) Kitovu kimesogea mbele kwa asilimia 2.5 tu; kiongezwe uzito wa kichwa, au mkia upunguzwe unene. (4) Mita 20 kwa sekunde. (5) Mikunjo yao inapingana: unyoya mmoja huuzungusha mshale kulia na mwingine kushoto, hivyo mzunguko unaousaidia mshale kushika njia hupotea.